Mistari Mitatu Yenye Alama Mbili

Mpwa wangu tunamwita Nukta. Jina hilo nilimpa mimi, enzi zile nikiwa fundi wa mashine za kuchapa, zile za kizamani za kugonga herufi za chuma juu ya utepe wa wino. Alikuwa bado mdogo, na mama yake, ambaye ni dada yangu anayenifuata, akienda kazini alikuwa akimwacha kwangu karakana. Mtoto akiiona tu mashine niliyoimaliza, basi atajivuta mpaka aifikie, na kazi yake ni moja, kugonga nukta. Herufi hazitaki. Na mashine zile nukta yake ilikuwa kali kama sindano, ukiigonga kwa nguvu inatoboa karatasi. Mteja akija namkabidhi karatasi ya majaribio ina matundu kama chujio, ananitazama, namwambia, "Hiyo ni saini ya fundi msaidizi."

Hakuwa peke yake chini ya ile meza. Alikuwepo na binti wa jirani zetu wa ukuta kwa ukuta. Walikuwa wanakula sahani moja, wanaumwa surua wakati mmoja, wanachapwa siku moja, na mtaa ukaamua wa pili aitwe Pacha. Nilikuwa na mashine moja kubwa ya ofisini, nzito, mtoto mmoja haiwezi, kwa hiyo waligawana kazi. Mstari ukikaribia mwisho kengele inalia, Pacha anausukuma ule mkono wa chuma kurudisha kichwa cha mashine mwanzo, na Nukta anazungusha roli la mpira ili karatasi ipande. Mmoja anaimba "rudi", mwenzake anaitikia "shuka". Rudi, shuka. Rudi, shuka. Mpaka nikawa naisikia hata nikiwa barabarani nanunua kiberiti.

Nayasema haya mapema, maana nisipoyasema hapa nitajikuta nayasema katikati, na mimi nikishakatiza habari kurudi kwake ni shida.

Mashine za kuchapa zilikufa, kila mtu anajua. Watoto wale wakakua, wakasoma kompyuta wote wawili, na walipomaliza wakapanga chumba kimoja ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mshonaji. Chumba chenyewe kina dirisha moja na meza mbili zinazotazamana. Kuna feni inayogeuza shingo upande mmoja na kukataa upande mwingine, kwa hiyo anayekaa kwa Pacha anapata upepo na anayekaa kwa Nukta anapata sauti. Kompyuta ya Nukta aliiunda mwenyewe, kipande hapa, kipande pale, tumbo lake liko wazi muda wote. Ya Pacha alipewa na baba yake mkubwa, imara, ina kila kitu ndani.

Mimi sina karakana siku hizi, na miguu yangu haijui kukaa, kwa hiyo nilikuwa napita pale mara kwa mara. Mshonaji, ambaye wote tunamwita Mama Cherehani, alikuwa akiniona tu nashika reli ya ngazi anasema, "Mzee, hizo ngazi zitakuua."

"Zimeanza zamani. Hazijui kazi tu."

"Chai ya juu ni nyepesi, nakuonya."

"Ya kwako hata sijawahi kuionja, nitalinganisha na nini?"

Anacheka, anakanyaga cherehani yake, mimi napanda.

Pacha alikuwa mdomo wa ile ofisi. Akiingia kwa mtu kuomba maji ya kunywa anatoka na kazi ya miezi. Nukta alikuwa mkono. Anakaa, anashika tama, ananyamaza mpaka unasahau kama yumo, halafu ghafla kibodi kinalia kama mvua juu ya bati. Hawakuwahi kuandikiana nani mwenye nini. Pacha na Nukta, nani aandike mkataba na kivuli chake?

Basi ikaja kazi ya hospitali. Pale dirishani pa dawa makarani walikuwa wanaandika kwa mkono kwenye vipakiti, na mwandiko wa mtu mwenye foleni mbele yake unaujua. Wakataka karani aandike kwenye kompyuta na lebo itoke imechapwa. Nukta akawatungia lugha ndogo ya kuiamuru mashine, maneno machache tu. Karani anaandika ANDIKA, halafu anafungua alama za kunukuu, anaweka maelezo ya mgonjwa, anafunga. Kwa mfano ANDIKA "Kunywa kidonge kimoja asubuhi". Kila mgonjwa mstari wake.

Nilimuuliza mashine inajuaje lipi ni amri na lipi ni maelezo. Akaacha kibodi, akanigeukia. Hajawahi kunijibu huku anaandika, hiyo ni heshima yake kwangu tangu utoto.

"Mjomba, kompyuta haioni maneno. Inaona herufi zimepanga foleni tu. Sasa lazima awepo mtu mlangoni, anasema hawa sita ni amri, huyu ni namba, na hawa walioko ndani ya alama msiwaguse, wapitisheni kama walivyo mpaka kwenye lebo. Huyo wa mlangoni tunamwita leksa. Na kanuni tulizompa ndiyo sarufi yake."

"Na karani akifungua zile alama akasahau kufunga?"

Macho yakamwaka, kama vile nimemuulizia habari za mtoto wake. "Hapo ndipo penyewe. Nimeweka kanuni kwamba maneno yakifunguliwa kwenye mstari, yafungwe kwenye mstari huohuo. Mwisho wa mstari ukifika kabla ya kufungwa, mashine inasimama, inasema mstari fulani haujafungwa. Lebo haitoki. Bila hivyo, maneno ya mgonjwa huyu yatakwenda kummeza mgonjwa wa chini yake."

"Mwisho wa mstari unaonekanaje?"

"Hauonekani. Kuna alama ya siri pale, ukibonyeza kitufe cha kushuka inajiweka. Kompyuta yangu inaweka moja, inayosema shuka. Ya Pacha, kwa ile programu yake ya kuandikia, inaweka mbili. Rudi, kisha shuka." Akatabasamu. "Zimerithi kutoka kwenye mashine zako, Mjomba."

Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani. Yaani kengele zangu zimekufa, roli zangu zimeuzwa chuma chakavu, na rudi-shuka bado inatembea humo ndani ya vioo vyao, haonekani mtu anayeisukuma!

Kanuni yake ilizijua namna zote mbili za kumaliza mstari, hilo alihakikisha. Lakini ndani ya mafaili yao wenyewe alitaka namna moja. Chochote kilichotoka kwenye kompyuta ya Pacha alikipitisha kwanza kwenye kijiprogramu chake kinachoondoa ile "rudi" na kubakiza "shuka". Hakusema neno, hakulalamika, alifanya tu kama mtu anayekung'uta viatu vya mgeni mlangoni. Pacha alikuwa akimtania, "Huyu kila siku ananiosha miguu."

Sasa, kule dirishani kioo cha kompyuta kilikuwa chembamba. Karani akiona maelezo yamerefuka anabonyeza kushuka katikati ya maneno, na mashine inamkatalia. Anaandika tena, inakataa tena. Foleni inarefuka, wagonjwa wananung'unika. Mfamasia mkuu, mzee mmoja mpole ambaye watu humwita Dokta, akampigia Pacha simu: "Mashine yenu ina kiburi." Akaweka siku ya kuja kuijaribu mbele ya makarani wote, na akasema siku hiyo ndiyo ataamua kama ataichukua kwa madirisha yote au ataachana nayo.

Nilikuwepo walipobishana.

"Legeza kidogo, Nukta," Pacha alisema. "Maneno yakivuka mstari yavuke. Yakome pale yatakapokuta alama ya kufunga mwishoni mwa mstari wowote."

"Na karani akisahau kufunga?"

"Hatasahau."

"Pacha. Mtu ana foleni mpaka getini, asisahau?"

"Basi mgonjwa ataona kwenye lebo kwamba pana kitu."

"Mgonjwa yupi? Mama yangu dawa zake anachukua palepale, na miwani yake inakaa kila mahali isipokuwa usoni."

"Mjomba, mwambie mpwa wako."

"Mimi nimefuata chai," nikasema.

Nukta akasema atatafuta njia nyingine ya maelezo marefu. Kila mstari uwe na alama zake za kufungua na kufunga, mashine iyaunganishe yenyewe. Muda tu apewe. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa akilisema tangu siku ya kwanza ya kazi ile, safari hii bila kutabasamu: "Lebo ikimdanganya mgonjwa kwa kosa langu, mimi naiacha kazi hii. Nashuka chini kushona."

Kutoka chini Mama Cherehani akapaza sauti, maana sakafu ile haifichi kitu, "Huku chini tunakata kwa mkasi, si kwa maneno!"

Tukacheka wote. Pacha akasimama, akamgonga Nukta bega kwa bega kama walivyokuwa wakifanya utotoni. "Haya, mama sheria. Umenishinda."

Siku ya majaribio Nukta alimpeleka mama yake kupimwa macho. Pacha alikwenda peke yake na akarudi akiimba. Dokta ameichukua! Madirisha yote!

"Hawakulalamika kwamba inawakatalia?" Nukta aliuliza.

"Nimewafundisha kuandika vizuri. Mbona unanitazama hivyo? Furahi basi!"

Akafurahi. Walituletea soda mpaka chini kwa Mama Cherehani.

Haukupita muda mrefu. Siku moja mchana nimekaa kwa dada yangu, naye ametoka hospitali na dawa zake za presha. Miwani, kwa maajabu, ilikuwa usoni. Akaisogeza pakiti mbali, akaisogeza karibu.

"Kaka," akaniita, "hiki kidonge nakipaka wapi?"

"Kidonge unakimeza."

"Soma mwenyewe. Mimi nimeambiwa nikipake."

Nikasoma. Lebo ilikuwa imechapwa safi, herufi zimekaa sawasawa, nikazionea fahari kidogo. Imeandikwa: Kunywa kimoja asubuhi baada ya kula ANDIKA "Paka kwenye kidonda mara mbili kwa siku.

"Labda ukimeza kinajipaka chenyewe," nikasema, na dada yangu akacheka, akasema basi atafutiwe na kidonda, maana hana hata kimoja. Tulikuwa bado tunacheka Nukta alipoingia kutoka uani, mikono ina mapovu ya sabuni. Akaichukua ile pakiti kwa ncha za vidole. Hakucheka. Akaketi kwenye mkono wa kiti, ambako mama yake huwa hapendi akae, na mama yake hakumkemea.

"Hili neno ANDIKA halitakiwi kutoka kwenye lebo," akasema. "Hii ni amri ya mgonjwa wa pili. Karani hakufunga, maneno yamevuka mstari." Kisha kwa sauti ndogo, "Mashine ilitakiwa ikatae. Hii kanuni ni yangu."

Akaenda ofisini na mikono ile ile. Aliifungua sarufi kwenye kompyuta yake, akaandika mstari usiofungwa, mashine ikakataa kama ilivyopaswa. Akaandika mwingine, ikakataa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kosa lipo, limefika mpaka mkononi mwa mama yake, na yeye halioni. Pacha alipokuja akamweleza yote, na Pacha akamkumbatia.

"Labda ni zile alama za mwisho wa mstari," Pacha akamwambia. "Si wewe mwenyewe husema zina usumbufu? Labda kuna namna ilikupita."

Nukta akakubali. Nani hukubali kosa haraka kama mtu mwangalifu?

"Sikiliza," Pacha akasema, "tusingoje Dokta ayasikie kwa wengine. Twende ukakiri mwenyewe. Ukikiri mwenyewe watakuheshimu."

Wakaenda. Mpwa wangu alisimama mbele ya Dokta na makarani wote akasema kanuni aliiandika yeye, kosa ni lake, mwenzake hahusiki. Pacha alisimama nyuma yake amemshikia mkoba. Hata shukrani alimpa, nikaja kusikia baadaye. Alimwambia, "Ahsante kwa kunisindikiza." Dokta hakufoka. Aliwarudisha makarani kwenye kalamu kwanza, akasema watazungumza.

Nilipopanda zile ngazi safari iliyofuata, Mama Cherehani hakunitania. Juu nikamkuta Nukta anapanga nyaya kwenye boksi. Alikuwa ametimiza neno lake, anaacha. Meza yake imefutwa, kompyuta peke yake ndiyo bado inawaka.

"Kaa, Mjomba. Nimalize kitu kimoja. Nimekwenda kuitoa nakala iliyokuwa inatumika kule hospitali, ile yenyewe Pacha aliyoiweka. Siwezi kuondoka bila kujua tundu liko wapi."

Akachomeka flashi. Akaifungua sarufi, akabonyeza kitu, na zile alama za siri zikajitokeza kwenye kioo, ndogo, za rangi ya majivu. Kila mwisho wa mstari alama moja. Akawa anashuka taratibu, moja, moja, moja, kama mtu anayepitia meno ya kitana. Kisha kidole kikasimama.

"Njoo uone."

Mistari mitatu, imefuatana, na kila mmoja mwishoni una alama mbili.

"Rudi, shuka," nikasema. Maneno yalinitoka tu.

Nikajaribu kumtafutia njia. "Pengine ulisahau kuikung'uta."

"Kukung'uta sijawahi kusahau. Hii haikupita kwangu, Mjomba. Ingepita kwangu ingekuwa na moja." Akasoma ile mistari polepole, midomo inacheza. "Na angalia inasemaje. Maneno yavuke mstari, yakome yakikuta alama ya kufunga mwishoni mwa mstari wowote. Ni maneno yake yaleyale, siku ile unakunywa chai."

Feni ikageuza shingo, ikakwama, ikarudi.

Pacha akaingia na mkate mkononi, anahema kwa ngazi. "Shikamoo Mjomba. Jamani, mbona kimya hivi, kuna msiba?"

"Ulibadilisha lini?" Nukta akauliza.

"Nini?"

"Usiniulize nini."

Pacha akakitazama kioo. Mtu aliyekua naye anajua zile alama mbili ni za nani. Akauweka mkate juu ya meza, akaukunjakunja mfuko wake.

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Sasa mimi ningefanya nini? Watu wanataka kutupa kazi ya kututoa kwenye hiki chumba, wewe unang'ang'ania alama ambazo hata hazionekani! Nilijua utamaliza ile njia yako nyingine, niirudishe kimyakimya, hakuna ambaye angejua."

"Hilo sikuulizi. Kulegeza umelegeza. Nakuuliza siku ile, nilipokuwa nakiri. Ulikuwa nyuma yangu, umenishikia mkoba. Ulikuwa unajua."

Pacha akaendelea kuukunja ule mfuko wa mkate.

"Ulinikumbatia hapa, ukaniambia labda ni alama za mwisho wa mstari. Ukanipa na kosa lenyewe la kukiri."

"Wewe wanakupenda," Pacha akasema, na machozi yakaanza. "Wewe ukikosea wanasema amechoka. Mimi wangenitoa. Nukta, wangenitoa siku hiyohiyo. Mjomba, sema kitu."

Mtoto huyu meno yake ya utoto yalitokea karakana kwangu, moja liliangukia ndani ya mashine nikalitoa kwa koleo. Nikamwambia, "Nilikuwepo uliposema amekushinda. Hata mimi nilikuamini."

Nukta hakutaka kelele. Alitaka kitu kimoja tu: kesho asubuhi waende wote kwa Dokta, na safari hii aseme Pacha kwa mdomo wake. Pacha akaitikia kwa kichwa, akafuta macho, akamshika mkono. "Kesho. Nakuahidi. Rudi, shuka?"

Nukta hakuitikia ule wimbo. Alisema tu, "Kesho asubuhi."

Kesho yake tulikwenda mapema, tukakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha Dokta, kati ya mama mwenye mtoto anayekohoa na kijana aliyefungwa mkono. Nukta alikuwa na mkoba mapajani. Kila mlango wa mbele ukifunguliwa anainua kichwa. Mara ukafunguliwa mlango wa Dokta, na aliyetoka ndani ni Pacha. Alikuwa amefika kabla yetu. Wanacheka kidogo yeye na Dokta, cheko la watu waliomaliza maongezi.

"Ah, binti," Dokta akasema alipomwona Nukta, na kwa kweli alisema kwa huruma. "Pole sana. Mwenzako ameniambia umeamua kupumzika. Naye amesharekebisha, tumejaribu sasa hivi, inakataa vizuri."

Nilimtazama Pacha. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nukta akasimama akasema yote. Hakupamba, hakulia. Alisema nani aliandika mistari mitatu na jinsi alivyoitambua, kwamba mwisho wake una alama mbili na za kwake zina moja. Dokta akamsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeeleza maumivu yanayohamahama.

"Alama zisizoonekana," akasema.

"Ndiyo, Dokta. Naweza kukuonyesha."

"Binti, juzi tu ulisimama hapohapo ukasema kosa ni lako peke yako, mwenzako hahusiki. Makarani wote walisikia. Leo kosa si lako. Mimi nishike lipi? Nina wagonjwa hapa."

Na Pacha akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka, "Amechoka sana, Dokta. Msamehe."

Nimeishi sana. Nimezungukwa na watu wa kila namna, wengine wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na nikashukuru. Lakini sauti ile ilinishinda. Maana ilikuwa sauti ya mapenzi kabisa. Ni ileile aliyokuwa akimbembelezea Nukta alipoumwa surua.

Nukta alimgeukia. Nilidhani atamtukana, na ningemwachia atukane.

"Nijibu moja tu," akasema. "Karani akisahau kufunga, inakataa?"

"Inakataa. Nimeirudisha kanuni yako."

"Ya nani?"

Pacha akamtupia Dokta jicho. "Ile kanuni," akasema.

Nukta akaweka mkoba begani, akaniambia, "Twende, Mjomba." Tukatoka. Tukatembea mpaka kwa mshonaji. Mama Cherehani alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani, na alikuwa amekwishafuta kigoda cha pili kando ya mashine yake. Nukta akakitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ahsante, Mama. Nilisema nitashuka kushona kama kosa ni langu. Si langu." Akapanda kuchukua boksi lake, akashuka nalo, na ile ngazi hajaikanyaga tena.

Sasa anafanyia kazi sebuleni kwa mama yake, meza imebanwa kati ya kabati na dirisha. Kazi zinatoka kwa watu wa mbali asiowajua sura. Zinakuja kidogokidogo. Ofisi ya juu kwa Mama Cherehani ilihama, nasikia ina vyumba kadhaa na feni nzima. Pacha tukikutana njiani ananiamkia, "Shikamoo Mjomba," nami naitikia marahaba, kwa kuwa mdomo umezoea. Ila sisimami.

Dada yangu bado anachukua dawa dirisha lilelile. Akirudi, Nukta anaipokea pakiti kabla hata ya kumpokea mama mtu mkoba, anaigeuzia kwenye mwanga, anasoma lebo mpaka neno la mwisho. Kunywa kimoja asubuhi baada ya kula. Basi, hakuna zaidi. Kule hospitali wanaisifu mashine ile, wanasema haikubali uzembe, na wanamtaja aliyeiunda. Jina wanalolitaja silo la mpwa wangu.

"Imefungwa," anasema, anamrudishia mama yake.

Juzi nilikuwa nimekaa nyuma yake na kikombe changu. Kwenye kioo alikuwa amefungua kazi iliyoandikwa na watu wengi, na zile alama za majivu zimejitokeza mwishoni mwa mistari, pengine moja, pengine mbili, zimechanganyika hovyo.

"Hizi hujazikung'uta," nikamwambia.

"Sikung'uti tena, Mjomba. Leksa yangu inazisoma zote, haisumbuki." Akaendelea kushuka mstari kwa mstari, vidole vikigonga kibodi. "Sasa hivi namwachia kila mtu alama zake."

Na alinijibu huku anaandika, hakugeuka.